Nyumba Zetu na Bahari Yetu

Kila masika yanapoingia Dar es Salaam, habari hutujia kwa utaratibu ule ule. Barabara ya Morogoro yafungwa pale Jangwani, mabasi yageuzwa njia, wananchi wa mabondeni waonekana wakivuka maji na magodoro vichwani, kisha zaanza lawama. Huyu ailaumu Serikali, yule awalaumu wenye viwanda, na wa tatu, akikosa wa kumlaumu, asema ni kazi ya Mungu. Siku maji yanapopungua lawama nazo hupungua. Kila mtu hurudi kwake, hupika, hula, huosha vyombo, kisha huchukua ndoo ya maji machafu na kuimwaga mtaroni mbele ya nyumba. Ndoo hiyo ndiyo tunayotaka kuizungumzia leo.

Mtu amwagaye ndoo yake hudhani kwamba mambo yamekwisha pale pale. Maji yametoweka machoni, na kwa fikira za kawaida kilichotoweka machoni hakipo tena. Lakini mtaro si shimo. Mtaro ni njia, na njia ina mwanzo na mwisho. Mwanzo wake ni jiko letu, bafu letu na choo chetu. Mwisho wake ni bahari tunayovua samaki wa kitoweo cha jioni ile ile.

Tuutazame Mto Msimbazi. Huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hushuka ukipitia Kinyerezi, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha huingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Safari yake yote ni kama kilomita 35 tu. Mtu mwenye miguu mizuri aweza kuitembea kwa siku moja. Njiani hupokea mito midogo ya Sinza na Ubungo, pamoja na mifereji ambayo hakuna aliyepata kuihesabu. Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Nyumba zilizounganishwa na mabomba ya majitaka ni sehemu ndogo tu ya nyumba zote za mji huu. Zilizobaki zatumia vyoo vya shimo na makaro, na maji ya kufulia na kuoshea vyombo hayana mahali pa kwenda ila uani au mtaroni. Basi mto ule mfupi umefanywa kuwa bomba kuu la mji ambalo hakuna mhandisi aliyelichora.

Sasa mto huo umekuwa jambo la fedha nyingi. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa Dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya kuendeleza Bonde la Msimbazi: kuchimba na kupanua mkondo, kuinua barabara na daraja la Jangwani, na kuwahamisha wananchi waliokaa mahali pa hatari. Hatudhani kwamba yupo mwananchi mwenye akili timamu atakayeipinga kazi hiyo, hasa akikumbuka mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowaua watu wapatao 40 katika mji huu. Lakini yafaa tukumbuke kwamba fedha zile si zawadi. Ni mkopo, nao utalipwa na Watanzania, wakiwamo wa Rukwa na Kigoma ambao hawajapata kuuona Msimbazi kwa macho yao. Mkondo uliochimbwa kwa mkopo na kujazwa tena kwa ndoo na vifungashio vya wenye mji ni deni litakalolipwa mara mbili. Sehemu kubwa ya kinachoujaza mto ni mchanga unaoporomoka kutoka vilimani, hilo twalijua. Hata hivyo mchanga hushikamana na kukwama vizuri zaidi unapokuta matambara, pampasi na mifuko imekwisha kutanda chini ya daraja.

Je, ni nini hasa kinachotoka majumbani? Twaanza na kile ambacho watu huona haya kukitaja gazetini, maana ndicho kizito kuliko vyote.

Katika mabonde ya Dar es Salaam maji ya ardhini yako karibu sana. Mtu akichimba shimo la choo futi chache tu hukutana na maji, na kwa hiyo wengi hujenga choo kilichoinuliwa juu ya ardhi kwa matofali au kwa matairi makuukuu ya magari, nacho hujaa upesi. Kikijaa, gari la kunyonya majitaka haliwezi kupenya vichochoroni, na hata likiweza, malipo ya safari moja ni fedha ambayo mwenye nyumba hana mkononi siku ile. Ndipo huitwa vijana ambao wenyeji huwaita vyura. Vijana hao huingia shimoni kwa ndoo na koleo, pengine miguu mitupu, wakachimba shimo jingine pembeni na kuufukia uchafu hatua chache kutoka kisimani kwa jirani. Wengine hawaiti mtu. Hungoja mvua. Kazi hiyo ina jina lake linalojulikana na kila mtoto wa bondeni: kutapisha choo. Mvua kubwa inapoanza kuporomoka usiku, mwenye nyumba hutoboa ubavu wa shimo, au huondoa kizibo katika bomba alilolitega mapema, na uchafu wa mwaka mzima hutoka ukachukuliwa na mafuriko. Asubuhi choo ni kitupu, na mwenye nyumba amelala usingizi mzuri.

Matokeo yake hayahitaji kubuniwa. Agosti 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam, kikaenea mikoani, na kabla hakijatulia kilikuwa kimewapata watu zaidi ya 20,000 nchini. Wengi tulioyasoma matangazo ya wakati ule twakumbuka tulivyoambiwa tuchemshe maji na kunawa mikono. Maneno yale yalikuwa ya kweli. Lakini mtu anaweza kunawa mikono kwa mtindo wa Pilato pia, maji aliyonawia yakamwendea jirani.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya historia, ili tusiwaonee watu. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi kusikiliza radio, kusoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Ilikuwa mojawapo ya kazi kubwa kabisa za elimu ya watu wazima zilizopata kufanywa katika Afrika, na sifa yake haijaisha. Somo lake lilikuwa jepesi: chimba shimo, jenga kibanda, funika. Kijijini, ambako nyumba zaachana na ardhi ni kavu, somo hilo lilitosha, na mahali pengi latosha hata sasa. Mjini, penye nyumba iliyobanana na nyumba, na maji yakiwa futi chache chini ya miguu, shimo lile lile limegeuka kuwa kisima cha maradhi. Mwananchi aliyehama kutoka kijijini na kuja kuchimba choo Kigogo hakuasi. Alifanya alivyofundishwa. Kilichobaki ni kwamba hakuna aliyemfuata mjini kumfundisha sehemu ya pili ya somo, yaani shimo likijaa afanye nini.

Baada ya choo yafuata sabuni. Mama anayefua nguo za watoto watano hatazamiwi kujua kemia, lakini mwenye kiwanda aijua na muuzaji angeweza kuijua. Katika maji ya choo, na katika baadhi ya sabuni za unga, imo fosfeti, ambayo ni mbolea. Mbolea shambani ni baraka. Ikiingia katika maji yaliyotulia hukuza mimea midogo ya kijani kwa wingi usio na kiasi. Mimea hiyo ikifa huoza, na kuoza kwake hutumia oksijeni iliyomo majini, samaki wakakosa pumzi. Wenzetu wa Ziwa Victoria wameshayaona haya kwa jina la magugu maji, ambayo hunawiri palipo na rutuba ya uchafu. Isitoshe, kile kitu katika sabuni kinachong'oa mafuta nguoni hung'oa pia ute unaoyalinda mashavu ya samaki. Povu jeupe tunaloliona likielea chini ya madaraja yetu si dalili ya usafi.

Upo ushahidi wa nyumbani kwetu juu ya jambo hili, na twashangaa kwamba haufundishwi shuleni. Mwaka 1995 jarida la kisayansi liitwalo Ambio lilitangaza uchunguzi uliofanywa katika bahari ya Zanzibar. Mmoja wa waliouandika alikuwa marehemu Adelaida Semesi, mtaalamu wa mimea ya baharini wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wataalamu hao waliutazama mwani mgumu wa chokaa, ule wenye rangi ya waridi ambao wavuvi huuona umepakaa juu ya mawe ya mwambani. Mwani huo ni saruji ya bahari: huyaunganisha matumbawe, hujaza nyufa, na huufanya mwamba usimame mbele ya mawimbi. Walikuta kwamba karibu na mahali ambapo majitaka ya mji yalimwagika, mwani huo ulikuwa umepungua sana, na kwamba fosfeti yenyewe huuzuia kukua. Tuseme kwa lugha ya fundi mwashi: maji ya beseni la kufulia na ya chooni huila saruji ya mwamba, na mwamba ndio nyumba ya changu na kamba mawe.

Serikali na wananchi wamepigana kwa miaka mingi na wavuvi wa baruti. Vita hiyo ilikuwa ya haki, na pwani nyingi zimepata nafuu. Baruti ina mlio. Polisi husikia, jirani husikia, na samaki waliokufa huelea juu wakimshtaki mwuaji. Visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini, vilivyo mbele ya macho ya mji, vilifanywa hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na mtu haruhusiwi kwenda huko akavua apendavyo. Lakini hakuna boti ya doria iwezayo kulikamata povu la sabuni. Maji ya jikoni hayana mlio, hayana nambari ya usajili, nayo huvuka mpaka wa hifadhi usiku na mchana. Ni ajabu kulinda mlango wa mbele kwa bunduki na kuacha bomba la maji machafu likiingia dirishani.

Na si matumbawe peke yake. Pale Msimbazi unapokutana na bahari pana mikoko, ambayo kila apitaye juu ya Daraja la Selander, au juu ya Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, huiona bila kuitazama. Mikoko huota katika tope lisilo na hewa, na kwa sababu hiyo baadhi yake huinua mizizi midogo kama penseli ili ipate pumzi. Kamba na samaki wengi hukulia katikati ya mizizi hiyo kabla ya kwenda maji makuu. Mfuko mmoja ukitanda juu ya mizizi si kitu. Mifuko elfu ni sawa na mkono uliowekwa puani.

Kasa naye ana habari yake. Katika maji ya Tanzania wapo kasa wa aina tano, na kasa wa kijani bado hupanda kutaga katika fukwe za Mafia na hata za Kigamboni, umbali mdogo tu kutoka katikati ya mji wa mamilioni ya watu. Baadhi ya kasa hula konyeza. Mfuko mwembamba wa plastiki unaoelea chini ya uso wa maji hufanana na konyeza kiasi cha kumpoteza mnyama ambaye jamii yake imeishi baharini kwa mamilioni ya miaka bila kukutana na udanganyifu wa namna hiyo. Akiumeza hujaa tumbo asipate lishe. Kasa wa kijani na nguva hula nyasi za bahari, na nyasi hizo, kama mmea mwingine wowote, zataka mwanga. Maji yakiwa mazito kwa tope na uchafu mwanga haufiki chini, nyasi hufa, na mlaji huhama au hufa njaa. Nguva sasa ni adimu sana. Wachache waliosalia huonekana zaidi upande wa Rufiji na Mafia, na yupo mvuvi mtu mzima ambaye humjua kwa hadithi za baba yake tu.

Mwalimu Nyerere alipotoa tamko lake la Arusha la Septemba 1961 juu ya hifadhi ya wanyama wa porini, alikubali kwa niaba ya taifa changa dhamana nzito. Tulisomapo tamko lile fikira zetu hukimbilia tembo, simba na twiga, pengine kwa sababu hao ndio walipao kwa watalii. Kasa na nguva hawana Serengeti. Nyumba yao ni ile ile inayopokea maji ya vyoo vyetu.

Itakuwa ni uonevu, hata hivyo, kumwachia mtu wa bondeni mzigo wote. Tumemtaja yeye kwanza kwa sababu uchafu wake huonekana. Uchafu wa mwenye jumba hupita chini ya ardhi kwa heshima. Wapo wenye nyumba za ghorofa, zenye uzio na mlinzi, ambao makaro yao yakifurika hutegwa bomba la siri hadi mtaro wa mvua wa barabara. Watu hao hawana udhuru wa umaskini. Gari la kunyonya hufika hadi getini kwao, na bei yake ni ndogo kuliko mafuta wanayotia katika magari yao kwa wiki. Kadhalika isisahauliwe kwamba kwa miongo kadhaa majitaka ya katikati ya mji, yaani ya maofisi na mahoteli, yalipelekwa baharini kwa bomba bila kusafishwa. Tukimfikisha mbele ya Bwana Afya mjane aliyetapisha choo chake kwa kukosa fedha, na tukampungia mkono mwenye jumba, tutakuwa tumefanya kazi ya ukoloni kwa mikono yetu wenyewe.

Sheria si haba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira iliyopitishwa mwaka 2004 iliweka mpaka wa mita 60 kutoka ukingo wa mto na pwani ya bahari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Zanzibar mwaka 2006, Kenya Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Na hapa tuseme lililo jema, maana wapo watu ambao hawaamini kwamba Waafrika waweza kuacha desturi mbaya. Ile mifuko ya rambo, ambayo ilikuwa imetundikwa katika kila mchongoma wa nchi hii, ilitoweka madukani katika muda wa siku chache. Vikapu vya ukili vikarudi mabegani, na masoko hayakufungwa. Kisha uchoyo ukatafuta mlango mwingine: vifungashio vyembamba vya plastiki, vilivyoruhusiwa kwa kufungia bidhaa kiwandani, vikaanza kugawiwa sokoni kubebea nyanya na dagaa. Chupa ya plastiki haikai sana mtaroni, kwa sababu yupo mwokotaji wa kuiuza kwa kilo. Kifungashio hakina mnunuzi. Kitu kisicho na mnunuzi huenda baharini, na sheria ijayo yafaa ianzie hapo, kiwandani na kwa mwingizaji, kabla ya kumfikia mama muuza dagaa.

Basi mwananchi afanye nini kesho asubuhi? Hatumtaki anunue mtambo. Sufuria na vikaango vifutwe mafuta kwa majivu au kwa karatasi kabla ya kuoshwa; bibi zetu wa pwani walisugua vyombo kwa majivu na mchanga, na vyombo vilikuwa vikavu na vyeupe. Mafuta ya kukaangia yaliyochakaa yasimwagwe mtaroni kabisa, kwa maana huganda, hushika takataka na kuuziba. Sabuni ya unga ipimwe kwa kijiko, wala si kwa gao. Povu jingi halifui zaidi, humaliza fedha tu. Maji ya kuoga na ya kuoshea vyombo yaelekezwe kwenye mgomba. Mababu walipopanda mgomba nyuma ya bafu hawakuwa wakipamba ua. Walijua kwamba mgomba hunywa maji mengi na hula uchafu mdogo mdogo, na malipo yake ni mkungu. Penye nafasi hata ya mgomba mmoja, upandwe. Mabaki ya chakula, maganda na majani, ambayo ni zaidi ya nusu ya taka za nyumba za mji huu, yatengwe na kuozeshwa kwa mbolea au kupewa mfuga kuku. Kinachobaki baada ya kutenga ni kidogo, na ndicho cha kumpa mzoa taka. Pampasi na dawa zilizopitwa na wakati zisitiwe chooni wala mtaroni. Zifungwe zikae na taka kavu. Na yule kijana wa guta anayechukua taka kwa malipo kidogo aulizwe azipeleka wapi. Akijibu kwa kucheka, basi jibu ni kwamba azimwaga bondeni, na aliyemlipa ameshirikiana naye.

Juu ya choo, ushauri wa mtu mmoja mmoja hautoshi, na hapo ndipo tunapopageukia Chama chetu wenyewe. Tangu miaka ya 1960, enzi za TANU, shina la msingi la Chama limekuwa nyumba kumi na balozi wake. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 balozi aliacha kuwa mkono wa Serikali. Hana uwezo wa kumtoza mtu faini. Twaona kwamba hiyo ni faida katika kazi hii. Mwenye nyumba atamficha Bwana Afya, bali hawezi kumficha balozi, ambaye asikia harufu ile ile usiku ule ule. Balozi ajua ni choo kipi kimejaa, ni nani aliyetega bomba, na ni kwa nini. Mpaka leo balozi wengi hunyamaza, kwa kuona kwamba choo cha mtu ni siri ya mtu, au kwa kuwa na choo chao kimetapishwa. Katika uchaguzi wetu wa mashina wagombea huulizwa juu ya kadi na ada. Sharti waulizwe pia maji ya nyumba kumi zao yaenda wapi.

Wasemao kwamba mitaa isiyopimwa haiwezi kusafishwa, twawaomba wautazame mji wa Mwanza. Huko, katika vilima vya mawe ambako hata mkokoteni haupandi, yamewekwa mabomba membamba ya majitaka yanayopita kati ya nyumba na nyumba hadi bomba kubwa la chini, na wenyeji walishirikishwa kuanzia siku ya kwanza. Hapa Dar es Salaam kwenyewe, katika miaka ya 2010, wakazi wa kando ya Mto Mlalakua katika Wilaya ya Kinondoni walifanya kazi pamoja na Serikali na makampuni kuondoa taka na kuziba mabomba yaliyomwaga majitaka mtoni. Mito hii si mikubwa. Watu wa mtaa mmoja waweza kuitambua tofauti kwa macho yao ndani ya mwaka.

Mahali ambapo mabomba hayatafika upesi, shauri liko katika bei na katika umoja. Pampu ndogo za mkono na vyombo vya magurudumu matatu viwezavyo kuingia vichochoroni vipo, na vijana wa mji huu wamekwisha kuvitumia. Vyura wale tuliowataja wasifukuzwe. Wapewe glavu, buti, pampu na kibali, na mahali pa kupeleka walichokitoa pawe karibu, kwa kuwa dampo lililo mbali ndilo linalomfanya mtu achimbe shimo pembeni. Mamlaka ya maji yaliyoundwa upya mwaka 2018, pamoja na halmashauri za manispaa, watazame upya jinsi malipo yanavyokusanywa. Maskini hana fedha ya safari nzima ya gari kwa siku moja, bali anaweza kuchangia kidogo kila mwezi kama anavyochangia msiba. Nyumba kumi zikichanga pamoja, gari au pampu ikaja kwa siku iliyopangwa, ikamaliza nyumba zote kumi, hakuna atakayekuwa na haja ya kungoja mvua.

Vuli huanza Oktoba. Kazi ya kuhesabu vyoo vilivyojaa katika shina moja haizidi jioni mbili, na daftari la balozi lina kurasa za kutosha. Twangoja kusikia ni kata ipi ya kando ya Msimbazi itakayokuwa ya kwanza kuleta hesabu yake, nasi tutaipa nafasi katika ukurasa huu.